Baridi Inasingiziwa: Kinachosaga Mabega Katika Nchi ya Chai

Siku katika nchi ya chai huanza na sweta. Bado ni giza, ukungu umelala juu ya majani, na mama mchumaji wa miaka hamsini na kitu anajivika haraka ili awahi shambani. Mkono wa kushoto unaingia bila taabu. Wa kulia unafika nusu ya njia, unakwama. Anajipinda, anauma meno, mwishowe anamwita mjukuu amvutie. Jioni atagundua pia kwamba hafikii tena fundo la kitambaa kisogoni, na usiku hawezi kulalia upande ule. Akiulizwa ana nini, jibu liko tayari: "Ni baridi imeniingia."

Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Ugonjwa wa maungio tangu zamani unaitwa baridi yabisi, jina linalotoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa. Na katika mji wa Kericho, ulioko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kusingiziwa haikosekani. Lakini kesi hii ina kasoro. Wazee wa Mombasa na Lamu nao husagika mabega, ilhali kwao sweta ni nguo ya safari. Hata Fort Ternan, kituo cha reli kilichoko bondeni chini ya vilima vya Kipkelion, ambako watu hupanda mlima kwenda kwenye chai na kuteremka kwenye kahawa na miwa ya Koru na Muhoroni, mabega huuma walioko chini kama yanavyouma walioko juu.

Ni kweli baridi hukaza misuli, na wagonjwa wengi husema maumivu huzidi mvua inapokaribia. Ila baridi haisagi gegedu. Gegedu ni ule utando mweupe, laini na mtelezi unaofunika ncha za mifupa ndani ya ungio. Unapochakaa na kumomonyoka, mifupa husuguana, kingo zake huota vinundu, na ungio hukakamaa. Madaktari huita hali hiyo osteoathritisi. Haina mlipuko wala siku ya kuanza. Ina historia, na karibu kila bega lililosagika lina yake, iliyoanza miaka mingi kabla ya sweta kukataa kuingia.

Yai juu ya kijiko

Fort Ternan inajulikana duniani kwa mifupa. Mwaka 1961, katika shamba la mlowezi Fred Wicker, mtafiti Louis Leakey na wenzake walichimbua vipande vya taya na meno ya kiumbe wa ukoo wa masokwe aliyeishi hapo takriban miaka milioni 14 iliyopita. Mwaka uliofuata Leakey akampa jina Kenyapithecus wickeri, Kenya kwa heshima ya nchi na Wicker kwa heshima ya mwenye shamba.

Ukoo huo mkubwa wa masokwe, ambao na binadamu yumo, una bega la aina yake. Mnyama anayetembea kwa miguu minne, ng'ombe kwa mfano, ana bega la kwenda mbele na nyuma tu. Binadamu anaweza kuinua mkono juu ya kichwa, kuupeleka mgongoni, kuuzungusha na kurusha. Hakuna ungio jingine mwilini lenye uhuru huo. Uhuru una gharama yake: kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo na kikubwa, lakini kikombe kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo na hakina kina. Ni kama yai lililowekwa juu ya kijiko. Kinacholizuia yai lisianguke si mfupa. Ni mfuko wa nyama ngumu unaolizunguka, pamoja na kano nne zinazotoka kwenye kombe la bega na kukikumbatia kichwa cha mfupa pande zote.

Juu ya hapo kuna ungio la pili, dogo, ambalo wengi hawalijui. Ni pale mtulinga unapokutana na ncha ya kombe la bega, sehemu ile inayoguswa kwa kidole ukifuata mtulinga kutoka shingoni hadi ukingo wa bega. Hili dogo husagika mara nyingi zaidi kuliko lile kubwa, na huanza mapema. Tofauti yake inasaidia kujua tatizo liko wapi. Ungio kubwa likisagika, maumivu hukaa ndani sana, mara nyingi upande wa nyuma, na mkono hupoteza uwezo wa kuzunguka nje. Ungio dogo likisagika, mtu huonyesha mahali panapouma kwa kidole kimoja, juu ya bega, na huumia anapopeleka mkono upande wa pili wa kifua, kama anayetaka kujikuna bega lingine.

Umri, jinsia na damu ya ukoo

Vihatarishi vya kwanza haviepukiki. Umri ndio mkubwa: osteoathritisi ya bega isiyotokana na jeraha si ya kawaida kabla ya miaka 50, na huongezeka baada ya 60. Wanawake huugua ungio kubwa zaidi ya wanaume. Urithi nao una mkono wake. Mtu ambaye mama na shangazi zake walisagika maungio ana sababu ya kuyaangalia yake mapema.

Unene unahitaji maelezo, kwa sababu watu huuliza: bega halibebi mwili kama goti, sasa kilo za kiunoni zinaliumizaje? Jibu lilianza kuonekana vidoleni. Watu wanene husagika maungio ya vidole zaidi ya wembamba, na hakuna anayetembea kwa vidole vya mikono. Mafuta ya mwili hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, nazo husafiri na damu hadi kwenye maungio yote. Kwa hiyo kupunguza uzito hulisaidia goti kwanza, lakini bega nalo hupata fungu lake.

Majeraha ya zamani

Daktari anayejua kazi yake, akimwona kijana wa miaka 40 mwenye bega lililosagika, huuliza swali moja: liliwahi kuteguka?

Bega ndilo ungio kubwa linaloteguka zaidi kuliko yote. Nchini Uswidi, daktari Lennart Hovelius na wenzake waliwafuatilia watu walioteguka bega kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wote wakiwa na umri usiozidi miaka 40. Baada ya miaka 25 waliwapiga picha za eksirei. Ni asilimia 44 tu ya mabega yaliyokuwa hayana dalili ya kusagika. Mengine yalikuwa yameanza, na karibu moja kati ya kila sita yalikuwa yamesagika vibaya. Hawa walikuwa vijana walioumia siku moja, wakarudishiwa mkono, wakaendelea na maisha.

Katika barabara za vumbi zinazotoka Fort Ternan kwenda Kipkelion na Londiani, mtegua mabega mkuu ni bodaboda. Abiria anaporushwa hujikinga kwa mkono ulionyooshwa, na yai huruka kutoka kwenye kijiko. Dereva akiangukia ncha ya bega, ungio dogo la mtulinga huachana au mtulinga wenyewe huvunjika. Voliboli ya shule, ragabi na kuanguka kutoka juu ya mti wa parachichi hufuata.

Ushauri hapa ni wa moja kwa moja. Bega lililoteguka lisivutwe na rafiki wala kukandwa na mkandaji kabla halijapigwa picha, kwa kuwa mara nyingine kuna mfupa uliovunjika ndani, na kuvuta huongeza jeraha. Lisiachwe nje pia kwa matumaini kwamba litarudi lenyewe. Kadiri saa zinavyopita, misuli hukaza na kulirudisha huwa kazi ngumu. Likirudishwa, mgonjwa asitupe kitambaa cha kuning'inizia mkono na kurudi shambani wiki ileile. Kinachofuata, yaani mazoezi ya kuimarisha kano kwa wiki kadhaa, ndicho kinachopunguza uwezekano wa kuteguka tena. Bega linaloteguka mara kwa mara, hasa la kijana wa chini ya miaka 25, linafaa kuonwa na daktari wa mifupa, kwani kila kuteguka kunakwangua gegedu upya.

Zile kano nne nazo zina historia yake. Zikichanika, kwa ajali au kwa kuchakaa pole pole, kichwa cha mfupa hukosa wa kukishika, kikapanda juu na kusugua paa la bega. Mwaka 1983 daktari Mmarekani Charles Neer alieleza jinsi mchaniko mkubwa ulioachwa miaka mingi unavyoweza kuishia kwenye ungio lililoharibika kabisa. Dalili yake ni mkono usioweza kujiinua, ijapokuwa mtu mwingine akiuinua unapanda.

Konzi mia tatu

Sasa turudi kwenye chai. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, kwa mikono yote miwili, akiwa ameinama kidogo juu ya vichaka. Vidole vikijaa, mkono hupanda, kiwiko huelekea mbele, na konzi hurushwa nyuma juu ya bega hadi kwenye kikapu kilichoko mgongoni. Tuseme konzi moja ni gramu 100. Kilo 30 zitakuwa ni kuinua na kurusha mara 300, na kila mara kikapu kinazidi kuwa kizito, kamba zake zikikaa pale pale juu ya ungio dogo la mtulinga. Kilo hizo 30, zikishakaushwa kiwandani, zitatoa chai kavu isiyozidi kilo 7 hivi.

Mkono mtupu si mwepesi kama unavyodhaniwa. Wapimaji wa nguvu za mwili, Poppen na Walker, walionyesha mwaka 1978 kwamba mtu akiuinua mkono pembeni hadi usawa wa bega, bila kushika chochote, nguvu inayobana ungio hufikia karibu asilimia 90 ya uzito wa mwili wake. Sababu ni kwamba mkono ni mrefu na misuli inaushika karibu sana na bega. Ongeza jerikeni ya lita 20 au debe la maziwa, na hesabu inapanda haraka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na pengine ndiyo maana ripoti za mabega ya wabebaji zimechelewa kuandikwa.

Ushahidi juu ya kazi nzito ni imara zaidi kwa ungio dogo kuliko kwa kubwa. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 1992 uliwalinganisha waashi na wapasua miamba na wasimamizi wao wa ujenzi, na ukakuta kusagika kwa ungio la mtulinga kukiandamana na wingi wa mizigo iliyobebwa maishani na mtikisiko wa mashine. Jambo hilo la mtikisiko linawahusu sana watu wa Kericho wa leo. Mashine za kuchumia chai, zile zilizochomwa moto katika maandamano ya Mei 2023 na vibarua waliohofia kupoteza kazi, zinaondoa ile mirusho 300, lakini zinaleta injini inayoshikwa mikononi kutwa nzima. Anayeziendesha anahitaji kubadilishana zamu na mwenzake, kamba ya kugawa uzito kwenye mabega yote mawili na kiunoni, na kupumzisha mikono kabla ganzi haijaingia vidoleni.

Suala la miili ya wachumaji limefika hadi mahakamani, tena mbali. Mwaka 2022 Mahakama ya Session mjini Edinburgh iliwaruhusu wachumaji wa Kericho kuishtaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyosajiliwa Uskoti. Walidai kwamba uchumaji na ubebaji uliwaachia majeraha ya misuli na mifupa, hasa ya mgongo. Kampuni ilipinga madai hayo. Mabishano makubwa yakawa juu ya mahali: kesi isikizwe Uskoti, au madai yapitie kwanza sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, WIBA, ya mwaka 2007?

Kwa mwajiriwa anayeumwa bega leo, somo la kesi hiyo ni karatasi. Bega likiumia kazini, amwarifu msimamizi mara moja, ikiwezekana kwa maandishi, na ahakikishe kituo cha afya kimeandika kwenye kadi yake kwamba aliumia kazini, tarehe gani na akifanya nini. Sheria inamtaka mwajiri kuripoti ajali ndani ya siku 7. Jeraha lisiloandikwa popote ni vigumu kulidai miaka kumi baadaye, picha ya eksirei inapoonyesha ungio lililosagika na hakuna anayekumbuka siku ile ya mvua.

Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia hana mwajiri wa kumripotia. Yeye ndiye nyapara na yeye ndiye kibarua. Lakini ana uhuru ambao kibarua hana, nao autumie. Amimine kikapu kila kinapofika nusu badala ya kungoja kifurike. Avae kamba zote mbili, pana na zenye kitambaa, badala ya kuning'iniza kila kitu upande mmoja. Kikapu kikiweza kukaa mbele kiunoni kwa saa moja, bega hupumzika kurusha nyuma. Siku ya kupruni, panga linolewe kabla, maana panga butu hupigishwa kwa bega. Maji yachotwe kwa jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, badala ya moja ya lita 20.

Kwenye magunia, sheria iko upande wa bega. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa kila gunia, baada ya miaka mingi ya magunia yaliyoongezwa kilemba cha kamba juu, yale yanayoitwa mukurino. Mbeba mizigo sokoni anayekataa mukurino, basi, haringi.

Kilichomo ndani ya damu, na ndani ya chupa

Kuna kundi la visababishi ambalo halihusiani na mzigo hata kidogo. Mfupa, kama nyama yoyote, huishi kwa damu. Damu ikikatika, kichwa cha mfupa hufa, hubonyea, na gegedu lililokaa juu yake huporomoka nacho.

Cha kwanza ni selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Ugonjwa huu umeenea zaidi kwenye maeneo yaliyokuwa na malaria kali, likiwamo bonde la Ziwa Victoria linaloanza chini tu ya Fort Ternan. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo. Nyonga ndiyo huathirika zaidi, kisha bega. Kijana mwenye selimundu anayelalamika kwamba bega au nyonga inauma wiki baada ya wiki asiambiwe ni maumivu yale yale ya siku zote. Apigwe picha.

Cha pili ni steroidi, dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Zikitolewa na daktari kwa sababu maalumu, huokoa maisha. Hatari iko kwenye unga na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa sokoni na ndani ya matatu kama dawa ya miti shamba ya "kuondoa baridi yote mwilini". Dawa yoyote ya mizizi inayomfanya mzee arukeruke ndani ya siku moja, uso ukavimba na hamu ya chakula ikapanda, inatia shaka kwamba imechanganywa na steroidi. Akiitumia kwa miezi, huenda ikaua mfupa ule ule aliodhani anautibu, mbali na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Ila asiikatishe ghafla. Amwone daktari aiache kwa mpangilio. Cha tatu ni pombe nyingi kwa miaka mingi, ambayo huharibu mfupa kwa njia inayofanana na hiyo.

Mwisho ni magonjwa mengine ya maungio: athritisi ya rumatoidi inayoshika maungio mengi kwa pamoja, jongo, na usaha au kifua kikuu kilichoingia ndani ya bega. Yakidhibitiwa mapema, gegedu hubaki. Yakipuuzwa, hata baada ya kupona huacha ungio lililoliwa.

Si kila bega linalouma limesagika

Mwenye maumivu asijihukumu kabla ya kupimwa. Bega linaloanza kuuma sana na kisha kukakamaa ndani ya miezi michache, kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, mara nyingi mwenye sukari, huenda ni mfuko wake uliosinyaa. Picha ya eksirei hutoka safi, na wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kuinua mkono kukiuma katikati ya safari tu, kisha maumivu yakaisha ukifika juu, mara nyingi ni kano. Maumivu yanayotoka shingoni na kushuka hadi vidoleni kwa ganzi hutoka kwenye mishipa ya fahamu.

Osteoathritisi huja taratibu. Asubuhi bega huwa gumu kwa dakika chache, likachangamka, kisha likauma tena jioni baada ya kazi. Husikika kama linasaga mchanga. Jaribio la nyumbani ni rahisi: mtu akae, viwiko vikiwa vimebana mbavu na kukunjwa kama anayebeba sinia, kisha afungue mikono yote miwili kuelekea nje. Mkono mmoja ukigoma mapema kuliko mwenzake, hata unaposukumwa na mtu mwingine, ungio lenyewe limekakamaa na linahitaji picha.

Kuna yasiyongoja miadi. Bega lililovimba, la moto, pamoja na homa, liende hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya bega au mkono yanayokuja na kubanwa kifua, jasho la baridi na kukosa pumzi huenda ni moyo. Kupungua mwili na kutokwa na jasho usiku kunadai uchunguzi wa kifua kikuu na uvimbe mbaya.

La kufanya

Gegedu lililomomonyoka halioti tena, na hakuna kidonge, mafuta wala supu ya mifupa iliyothibitishwa kulirudisha. Hilo halimaanishi kukata tamaa, kwa sababu maumivu na ukakamavu hutibika hata picha ikibaki mbaya.

Mazoezi ndiyo msingi. La kwanza ni la kuning'iniza: mgonjwa aegemee meza kwa mkono mzima, ainame, auache mkono mbovu ulegee kama kengele ya ng'ombe, kisha auzungushe duara dogo dogo kwa dakika moja au mbili. La pili ni la fimbo: ashike mwiko wa ugali kwa mikono yote, viwiko vikiwa mbavuni, na mkono mzima uusukume mbovu kuelekea nje pole pole, mara kumi. La tatu ni kuvuta mabega nyuma kana kwamba anabana karatasi kati ya makombe mawili ya mabega, akihesabu hadi tano. Asubuhi na jioni yatosha. Kipimo ni hiki: maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno, lakini yakiwepo hadi kesho yake, zoezi lipunguzwe. Kitambaa kilicholowekwa maji moto na kukamuliwa, kikawekwa begani kwa robo saa kabla ya zoezi, husaidia, na hapo ndipo wanaoilaumu baridi wanapopata haki yao kidogo.

Kwa dawa, parasetamoli hutangulia kwa wengi kwa kuwa haina madhara makubwa ikitumiwa sawasawa: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi 8 kwa siku, na pungufu kwa mwenye ini bovu. Dawa za diklofenaki na ibuprofeni hutuliza zaidi lakini huchoma tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, hivyo mwenye vidonda vya tumbo, presha au umri mkubwa asizinunue bila kuuliza. Sindano ya ndani ya ungio huweza kutuliza kwa wiki au miezi, ila haifai kurudiwa kila mara.

Yote haya yakishindwa kuna upasuaji wa kubadilisha ungio, ambao umri wake unashangaza wengi. Mwaka 1893 mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea mwoka mikate bega la platinamu na mpira badala ya lile lililoliwa na kifua kikuu. Lilidumu miaka miwili hivi, likatolewa kwa sababu ya maambukizi. Mabega ya leo ya chuma na plastiki hudumu zaidi ya miaka kumi kwa wagonjwa wengi. Kwa wenye kano zilizokatika kuna aina iliyogeuzwa, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Grammont katika miaka ya 1980: tufe huwekwa palipokuwa kikombe, na kikombe palipokuwa tufe.

Watu wa Fort Ternan wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha wakatumwa hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho au hospitali ya misheni ya Tenwek huko Bomet, inayojulikana kwa idara yake ya mifupa. Wakague mapema kama usajili wao wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, uko hai. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mgonjwa aandike kwenye karatasi moja: aliwahi kuteguka au kuanguka lini, amechuma au kubeba kwa miaka mingapi, ametumia dawa gani hata za unga, ana sukari au siko seli, na nani katika ukoo alisagika maungio. Karatasi hiyo humwonyesha daktari mambo ambayo picha haitayaonyesha.

Kwa asubuhi za kabla ya miadi kufika, wataalamu wa fiziotherapia wana ushauri ambao mama yule wa sweta angeupenda. Mkono mbovu uingie kwanza, ukiwa umelegea chini, ndipo kichwa na mkono mzima vifuate. Jioni, wakati wa kuvua, mbovu utoke mwisho. Sweta lenye vifungo mbele ni bora kuliko la kuvaliwa kichwani, na mjukuu anaweza kuendelea kulala.